Mawifi Wawili: Kinanda Bila Waya

Mliosoma wiki jana mliniacha nimesimama kwenye korido ya ukumbi, mkono kwenye kitasa cha mlango, nikimsikia kaka yangu wa tumbo moja akimwambia fundi mitambo, "Kinanda cha dada usikiunganishe. Kiweke tu pale kionekane."

Kwa anayeanza leo, nisimpoteze. Mimi ndiye mpiga kinanda wa kundi la Mawifi Wawili. Mwenzangu anaimba. Ni mke wa kaka, basi yeye ni wifi yangu na mimi ni wifi yake, na jina hilo tulipewa na mshereheshaji mmoja arusini, likatuganda. Kaka ndiye meneja. Kwa hiyo mnaona nilivyozungukwa.

Nikasukuma mlango.

"Rudia," nikamwambia.

Kaka akageuka. Fundi mitambo, mwanamume mpole aliyejizungushia waya mabegani, akainama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

"Ulikuwa unasikiliza mlangoni?"

"Nilikuwa naingia kazini. Rudia ulichosema."

"Dada, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Kaka akavuta kiti akakaa kinyumenyume, mikono juu ya mgongo wa kiti. Hukaa hivyo akitaka kukuuzia kitu.

"Sikiliza. Muziki wote leo utatoka kwenye kompyuta. Nimeupata ule muziki mtupu wa studio, wa albamu yetu ya kwanza, bila uimbaji. Safi kabisa. Watu wanataka kusikia kile wanachokisikia nyumbani kwao. Wewe utasimama unaposimama siku zote, utachezesha vidole, utatabasamu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe hujanunua tiketi."

Fundi akacheka, kisha akajuta.

"Na Mungu je?" nikasema. "Nimeanza kupiga kinanda kanisani, kaka. Unataka nisimame mbele za watu niwadanganye kwa vidole vyangu kumi?"

"Usimwingize Mungu kwenye mambo ya waya." Akashusha sauti. "Mama atakaa mstari wa mbele. Ukumbi umejaa. Usituaibishe leo. Na kama unataka kujua wazo hili limetoka wapi, usinitazame mimi. Kamwulize wifi yako."

Hapo damu ilinipanda mpaka masikioni.

Njia ya kwenda chumba cha kubadilishia nguo inapita penye bango. Sikuwa nimelitazama vizuri asubuhi. Mawifi Wawili, herufi kubwa, na picha ya wifi anacheka, mkono juu. Pembeni yake kuna bega. Bega langu. Waliokata picha waliona bega linatosha.

Nililitazama lile bega kwa muda. Ndilo bega ambalo wifi alililalia alipokuja nyumbani kwetu bibi arusi, analia kwa kumkumbuka mama yake. Nami ndiye niliyemsikia akiosha masufuria, wakati nikifanya mazoezi ya nyimbo za kwaya sebuleni. Mimi nampa mstari, yeye anaujibu kutoka jikoni kwa sauti iliyonisimamisha nywele. Nilimvuta kwa mkono uliojaa povu, nikamweka karibu na kinanda, nikamwambia, "Imba hivyo hivyo." Kaka alikuwa kazini. Umeneja wake ulianza siku aliporudi akatukuta watu wamejaa dirishani.

Nikaingia bila kubisha.

Wifi alikuwa mbele ya kioo, kitambaa shingoni, chupa ya maji ya moto ya tangawizi mkononi.

"Karibu, wifi. Funga mlango, baridi inaniingia kooni."

"Ni kweli ni wewe uliyeomba kinanda changu kisiunganishwe?"

Akaiweka chupa chini polepole. "Nilimwambia aseme vizuri. Kaka yako hajui kusema."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Kaa kwanza."

"Nimekaa nyuma yako maisha yetu yote ya muziki. Leo nitasimama."

Akanitazama kupitia kioo. Hakugeuka. Ilinikera kuliko maneno yenyewe, kuzungumza na kisogo cha mtu.

"Wifi, usinichukie," akasema. "Nyimbo zimepoa."

"Zimepoa lini?"

"Sijui lini. Kidogo kidogo. Juzi nilisikiliza albamu ya kwanza nikiwa napika, nikashtuka. Zile zinawaka, wifi. Zinameremeta. Halafu nikatazama video ya ile arusi ya mwisho. Kinanda kizito, kama mtu aliyekula akashiba akataka kulala. Wewe ni mtu mzima sasa. Vidole vinachoka. Si aibu."

"Vidole vyangu vimechoka."

"Vinastahili kupumzika, ndicho ninachosema. Leo simama, pigiwa makofi, tuage vizuri. Baadaye nitaendelea na kompyuta, na wewe utapata nafasi ya kufundisha kinanda kwenye madarasa yako ya jioni."

Ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa naagwa.

Sasa niwaambie jambo ambalo kaka halijui, mama halijui, na wifi mwenyewe halijui, mjue kwa nini maneno hayo yaliniuma.

Kwenye kinanda changu kuna kitufe kidogo. Ukikibonyeza, muziki wote unashuka ngazi moja, lakini vidole vinabaki pale pale. Mtu anaweza kukaa karibu nawe akakukodolea macho mikono asione tofauti. Wanakwaya wanaita kushusha kii.

Wifi aliugua koo, akaugua sana. Alipopona tukarudi jukwaani, na kwenye kiitikio cha wimbo wetu uliotutambulisha, pale linapopanda neno "rudi", sauti ikakatika kama uzi. Watu walidhani ni machozi, wakapiga makofi. Mimi sikudhani. Nyuma ya jukwaa alinishika magoti, akasema, "Wifi, nisipofika pale juu tena, mimi naacha kuimba. Sitakuwa mtu."

Onyesho lililofuata nikabonyeza kitufe. Akafika. Alishuka jukwaani analia kwa furaha, akaniambia Mungu amemrudishia sauti, akanibusu mikono. Ungekuwa wewe ungemwambia nini?

Tangu hapo nimebonyeza tena na tena. Kila nilipoona anaanza kukaza shingo, nilimshushia. Tulikuwa wawili tu, hakuna mpiga gitaa wa kushtuka, na studio hatujarudi. Na ni kweli, wimbo ukishushwa mno unapoteza mng'ao. Unakuwa mzito. Unashiba, unataka kulala.

Yaani alikuwa ananifukuza kwa sababu ya kitu nilichokifanya ili yeye abaki.

"Na sauti yako je?" nikamwuliza. "Yenyewe haijachoka?"

"Sauti yangu?" Akacheka, akakipapasa kile kitambaa cha shingoni. "Haijashuka hata kidogo, namshukuru Mungu. Wewe mwenyewe shahidi."

"Mimi ni shahidi," nikasema.

Nikafungua mlango makusudi, nikauacha wazi, baridi imwingie.

Mchana tulifanya mazoezi jukwaani. Kinanda changu kilikuwa pale, kimefutwa vumbi, kimewekewa taa nzuri, na waya wake umefungwa fundo nyuma kama mkia wa mbuzi aliyekatazwa kutembea. Fundi mitambo alipita pembeni yangu bila kuniangalia.

"Dada, mimi naambiwa tu," akanong'ona.

"Najua. Sote tunaambiwa tu."

Kompyuta ikapiga. Lo, muziki ulikuwa unawaka kweli. Nilijisikia mwenyewe nikiwa kijana, vidole vyepesi, kii ya juu kabisa, ile ambayo wifi hajaigusa tangu augue. Nami nimesimama nikibonyeza vipande vya plastiki visivyotoa hata mlio.

"Unasikia moto huo, wifi?" akaniita kutoka mbele. "Unasikia?"

Nilisikia. Nikasubiri kiitikio, nione atakavyofanya.

Hakufanya kitu. Wifi haimbi mazoezini. Hajawahi. Ananong'ona tu, anatikisa kichwa, anahesabu hatua zake, na ikifika pale juu ananyoosha kidole angani kuonyesha sauti itakapopita. Anasema sauti ni ya walioilipia. Kaka alikuwa amekaa katikati ya viti vitupu, anapiga makofi kwa wimbo ambao mkewe hakuuimba.

Basi nikaelewa wote watakavyokwenda mpaka mwisho bila kujua. Hakuna atakayegundua mpaka neno "rudi", mbele ya ukumbi uliojaa.

Nitasema kweli. Nilifurahi.

Nilikwenda kwenye ngazi za nyuma, zile za kutolea takataka, nikasimama kati ya ndoo na mifagio, nikaomba. Sikupiga magoti. Nilimwambia Mungu waziwazi, "Bwana, leo usinizuie. Nimebeba watu hawa, wamenikata wakaacha bega. Acha wasikie wenyewe. Sitanyoosha mkono, sitasema uongo, nitasimama tu na kinanda chao kisicho na waya. Hilo nalo ni dhambi?"

Nilisubiri jibu. Siku nyingine huwa napata utulivu fulani, kama mtu amenifunika shuka. Safari hii sikupata kitu. Niliona tu shingo ya wifi, ile mishipa inavyosimama akikaribia pale juu, na macho yake yanavyonitafuta pembeni kwa sekunde ile moja kabla ya kurusha sauti. Kila onyesho hunitafuta. Hajui kwa nini.

"Nimesema usinizuie," nikamwambia Mungu tena.

Kisha nikapanda ngazi kwenda kumwambia.

Msidhani nilikwenda kwa upendo. Ningependa kuandika hivyo, lakini Mwenyezi Mungu anasoma gazeti kama nyinyi. Nilikwenda na hasira yangu nzima, nimeibeba kama ndoo iliyojaa mpaka juu, na sikumwaga hata tone.

Niliwakuta wote wawili. Kaka anamfungia mkewe vifungo vya nyuma vya gauni. Watu walishaanza kuingia ukumbini, tulisikia viti.

"Shusheni kii kwenye kompyuta," nikasema. "Ngazi nne. Fundi anaweza, ni kazi ya kubonyeza tu."

"Dada, tena?" kaka akasema.

"Wifi hafiki pale juu. Hajafika tangu alipougua. Mimi nimekuwa nikimshushia kwenye kinanda, taratibu, asijue. Albamu iko kwenye kii ya zamani. Akiimba nayo ataanguka."

Kaka aliacha kifungo kimoja hakijafungwa. Wifi akageuka. Safari hii aligeuka mwili mzima.

"Umekuwa ukinishushia."

"Ndiyo."

"Bila kuniambia."

"Ungekubali?"

Niliona jambo linapita usoni mwake, kama mtu anayekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Kisha likaondoka.

"Uongo," akasema. "Ungekuwa unashusha ningesikia. Mimi ni mwimbaji."

"Kitufe hakina kelele, wifi."

"Leo nakutoa, leo ndiyo sauti yangu imekufa. Jana ilikuwa nzima. Ajabu hiyo."

"Sijasema imekufa. Nimesema imeshuka."

"Msikie," akamwambia mumewe. "Msikie dada yako. Mtu ananihusudu mpaka anashindwa kupanga uongo."

Kaka alikuwa ananitazama kwa macho ya utotoni, ya siku nilipovunja redio yake. "Haya, tumalize," akasema. "Mke wangu, imba kile kiitikio. Hapa hapa. Mara moja."

"Siimbi mara mbili, unajua."

"Mara moja tu. Tumfunge mdomo."

Wifi akafungua kitambaa shingoni, akafumba macho, akaimba.

Aliimba bila muziki wowote, sauti tupu, na ilikuwa nzuri. Ilijaa chumba kile chote, ikafika pale "rudi" ikapanda, ikakaa, ikashuka bila mkwaruzo. Mimi mwenyewe nywele zilisimama kama siku ile ya masufuria. Nyuma ya mlango nikamsikia mfagiaji akisema, "Mama wee!"

Lakini ilikuwa chini. Mtu akiimba bila muziki huanzia pale koo lake lilipozoea, na koo lake lilizoea pale nilipolizoesha. Aliimba kwenye kii yangu. Chumba kizima aliyelisikia hilo ni mimi peke yangu.

Kaka akapiga makofi. "Iliyoshuka iko wapi?"

"Hiyo siyo kii ya kompyuta."

"Amefika juu, hujamsikia?"

"Amefika juu ya kii ya chini. Iwashe kompyuta, aimbe nayo, utaona."

"Niiwashe vipi? Spika ziko ukumbini, watu wamekaa. Tuwafanyie mazoezi mbele yao?"

"Basi nitakuonyesha. Inaanzia hapa." Nikajaribu kuimba ile noti. Sauti yangu mimi ni ya kufukuza kuku. Ilitoka, ikayumba, ikavunjika katikati.

Wifi akacheka mpaka akashika meza. "Wifi yangu, Mungu akupe maisha marefu. Wewe ndiye unanifundisha kuimba?"

Kaka naye alicheka. Walicheka wote wawili, mke na mume, kama watu wanaotazama mtoto akivaa viatu vya baba yake. Nikasema maneno ambayo sikuwa nimeyapanga.

"Mtanikumbuka kwenye kiitikio."

Kicheko kikakatika.

"Hicho ni kitisho?" wifi akauliza.

"Ni habari."

"Toka," kaka akasema. "Hata kusimama usisimame. Nitawaambia watu unaumwa."

"Kaka, mimi ndiye niliyeanzisha kundi hili."

"Na mimi ndiye ninayelimaliza. Toka, dada. Usinilazimishe nikuitie walinzi mbele ya mama."

Nikatoka. Hakuna aliyenikatia bega safari hii, nilitoka mzima mzima.

Ningeweza kwenda nyumbani. Koti langu nilikuwa nalo mkononi. Lakini miguu ilinipeleka mlango wa pembeni, ukumbini, nikasimama gizani nyuma ya mstari wa mwisho. Nilimwona mama mbele, amejifunga kilemba chake kipya, anawaelezea majirani wa kiti kwamba wale mawifi ni watoto wake wote wawili.

Kaka akatangaza kuwa ninaumwa. Watu wakasikitika. Mama akageuka huku na huku kunitafuta. Kisha taa zikashuka, wifi akapanda, ukumbi ukasimama.

Akaanza na wimbo ule ule. Ubeti wa kwanza hauna shida, uko chini hata kwenye albamu. Aliuimba vizuri, anatabasamu, na kinanda changu kimewashiwa taa kama kaburi la mtu mashuhuri. Nilikuwa nahesabu mistari. Mmoja, mwingine, unafuata ule wa kuvuta pumzi.

Nikaona shingo inakaza. Nikamwona anatazama pembeni, mahali pangu.

Sijui nilifikaje kwenye meza ya mitambo. Iko kule kule nyuma, katikati ya watu. Fundi mitambo akashtuka.

"Shusha kii, fundi. Sasa hivi. Ngazi nne."

"Dada, hunipi amri wewe. Nimwone meneja."

"Hakuna muda. Shusha."

"Siwezi, nitafukuzwa."

Nikanyoosha mkono mwenyewe. Akaudaka hewani, kabla sijagusa chochote. "Dada, tafadhali." Watu wa viti vya karibu wakageuka kututazama, mwanamke na fundi wanavutana mikono juu ya taa ndogo za kijani.

Wakati huo neno likafika.

Mimi, akikosa pumzi, huwa namngojea. Narudia mstari, nazungusha vidole, mpaka awe tayari, na watu wanadhani ndivyo wimbo ulivyo. Kompyuta haijui kumngojea mtu. Ilipanda pale juu kwa wakati wake, na wifi akapanda nayo, na sauti ikapasuka. Haikukatika kama siku ile. Ilipasuka kama kitambaa, mlio mkavu, mbele ya watu wote. Akajaribu tena mstari wa pili. Ikapasuka tena. Mtu mmoja akacheka, halafu wengi. Muziki ukaendelea peke yake, unameremeta, unawaka moto.

Alisimama, kipaza sauti kifuani. Akaashiria muziki uzimwe. Fundi akauzima.

"Nisameheni," akasema. Sauti ya kuongea ilikuwa nzima. "Kuna mtu amenipandishia muziki."

Watu wakatazamana.

"Nyinyi mnampenda wifi yangu. Na mimi nampenda. Lakini leo amekasirika, na aliniambia kabisa kule chumbani, mtanikumbuka kwenye kiitikio. Mume wangu ni shahidi. Mmeambiwa anaumwa. Haumwi. Yule pale, kwenye mitambo."

Taa moja ikazunguka, ikanipata. Mkono wangu ulikuwa bado umeshikwa na fundi.

Sijawahi kuchukiwa na watu wengi kiasi kile kwa mara moja. Inakuwa kama joto. Mwanamke aliyekaa karibu akavuta mkoba wake upande wa pili, kama mimi pia ni mwizi.

Kaka akaja anakimbia kati ya viti. "Fundi, huyu amegusa mitambo?"

"Alikuja," fundi akasema.

"Alikuja kufanya nini?"

"Alitaka nibadilishe kii."

Kila neno alilosema ni la kweli. Ndiyo kazi ya mtu mpole, anakumaliza bila hata kukusingizia.

Kelele zikaanza. Kisha nikaona wifi anashuka ngazi za jukwaa, ameinua gauni kwa mkono mmoja, anatembea katikati ya watu, ile taa inamfuata. Watu wakampisha. Alinifikia mpaka nikasikia harufu ya maji yake ya moto. Kile kifungo cha nyuma kilikuwa bado wazi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. Ningelirudisha, msinielewe vibaya.

Akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Akaniinamia sikioni, na kwa mbali ungedhani ananisuta.

"Ulikuwa unasema kweli," akanong'ona. "Nimesikia. Nimesikia mwenyewe."

"Basi waambie."

"Wifi, nikiwaambia nimekwisha. Sijui kazi nyingine. Wewe una kinanda, una kanisa, una madarasa yako. Mimi nina koo hili tu." Uso aliuweka mkali kwa ajili ya watu. "Nibebe mara hii. Sema ni wewe. Nakuomba kwa jina la Mungu unayemwomba wewe."

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kicheko. Kunifukuza, kunicheka, kunitangaza mwongo, halafu kuniomba kwa jina la Mungu wangu mimi.

Akaondoa kiganja. "Haya, wifi," akasema, na spika zote zikasema naye. "Waambie mwenyewe ulichofanya."

Akaniwekea kipaza sauti mkononi. Kilikuwa kimelowa jasho lake. Chini ya taa ile niliiona mishipa ya shingo yake imesimama yote, kama inavyosimama anaponitafuta.

Mama alikuwa amefika, anahema, kilemba kimekaa upande. Kaka akamzuia kwa mkono, mama akausukuma.

"Mwanangu," mama akasema, "ni wewe?"

Nikamtazama mama. Nikamtazama wifi. Hasira yangu ilikuwa ndani ya mdomo, na ukweli ulikuwa hapo hapo nayo, na sikuweza kutoa kimoja nikaacha kingine.

Nikainua kipaza sauti.

"Mama," nikasema, na nikasikia sauti yangu ya kufukuza kuku ikitoka kwenye kila ukuta, "nitakujibu."